Utumbo Ndani ya Sahani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Modeli za Seli za Utumbo

Maswali haya huulizwa na wanafunzi wanaoingia maabara kwa mara ya kwanza, wauguzi wanaosoma habari za utafiti, na wazazi ambao watoto wao wameugua kuhara mara nyingi kupita kiasi. Nimejibu kama ninavyowajibu ana kwa ana.

"Modeli ya utumbo" maana yake nini hasa?

Ni kitu chochote kinachosimama badala ya utumbo wa mtu, ili tukiulize swali ambalo mtu mwenyewe hatuwezi kumfanyia. Inaweza kuwa tabaka la seli lililooteshwa juu ya kichujio cha plastiki, kipande cha utumbo wa panya kilichobanwa kati ya vyumba viwili vya maji ya chumvi, kijimpira cha seli kinachokua ndani ya jeli, au mnyama mzima.

Neno la kushika hapo ni swali. Anayetaka kujua kama kidonge fulani kitapenya kutoka tumboni hadi kwenye damu hahitaji modeli ileile anayoihitaji mtu anayeuliza kwa nini mtoto anakula na harefuki. Nimeona miradi mizuri ikiharibika kwa sababu modeli ilichaguliwa kwanza, swali likatafutwa baadaye.

Kwani utumbo wa mtu hauchunguziki moja kwa moja?

Unachunguzika, kwa kiasi. Daktari huingiza kamera na kuchukua kinyama kidogo chenye ukubwa wa punje ya mchele. Kinyama hicho kinaonyesha hali ya siku ile tu, na kikishatoka mwilini huanza kufa ndani ya saa chache. Huwezi kukiambukiza kipindupindu leo, kesho ukajaribu dawa, wiki ijayo ukarudia kwa dozi nyingine.

Halafu utumbo wenyewe una maumbile ya pekee. Ukuta wake una misuli, mishipa ya damu na neva, lakini kinachogusana na chakula ni tabaka moja tu la seli. Tabaka hilo limechomoza vijidole vidogo sana, na kati ya kijidole na kijidole kuna vishimo. Chini kabisa ya vishimo ndimo zinamokaa seli shina. Seli mpya huzaliwa humo, hupanda taratibu zikisukumwa na wadogo zao, na baada ya siku 3 hadi 5 hufika kileleni, hubanduka na kutoka na kinyesi. Utando ulionao leo haukuwepo wiki iliyopita. Ndani yake kuna seli za kufyonza, seli za kutoa ute, seli za Paneth zinazolinda vishimo kwa protini za kuua bakteria, seli chache za homoni, na nyingine adimu zaidi.

Vitabu vingi vya shule husema utando huu ukitandazwa unatosha uwanja wa tenisi. Watafiti wa Sweden walipopima upya na kuchapisha mwaka 2014, walipata kama mita za mraba 32 tu kwa njia nzima ya chakula. Bado ni eneo kubwa mno kulindwa na tabaka moja la seli.

Modeli za wanyama zimewahi kutupa jambo la maana?

Zimetupa mengi, na mfano ninaoupenda kuliko yote unatoka Kolkata, wakati huo Calcutta.

Tangu Robert Koch alipomtambua mdudu wa kipindupindu mwaka 1884, watu walishindwa kuelewa anauaje. Wengi waliamini sumu yake huharibu damu na viungo. Daktari wa patholojia Sambhu Nath De aliangalia wagonjwa waliokauka maji mbele yake, akawaza kwamba penye kosa ni utumbo wenyewe. Mwaka 1953, yeye na mwenzake walifunga kipande cha utumbo mwembamba wa sungura kwa uzi pande zote mbili, bila kukikata, wakadunga humo bakteria wa kipindupindu. Siku ya pili kipande kile kilikuwa kimevimba, kimejaa maji. Vipande vya jirani ambavyo havikudungwa vilikuwa vimelala tu. Mwaka 1959 akachapisha hatua iliyofuata: aliwachuja bakteria wote, akadunga kioevu kilichobaki, na utumbo ukajaa maji vilevile. Sumu ilikuwa inafanya kazi ndani ya utumbo, bila hata mdudu mmoja kuwepo.

Kilichotumika ni uzi, sindano na sungura. Hakuna mashine yoyote ya gharama. Kwa mwanafunzi anayedhani sayansi ya utumbo ni ya nchi tajiri peke yake, huyu ndiye mtu wa kumsoma.

Mbona basi msiendelee na wanyama tu?

Kwa sababu panya ana maradhi yake na sisi tuna yetu. Bakteria wa homa ya matumbo, Salmonella Typhi, humwambukiza binadamu tu. Kwa miaka mingi watafiti walilazimika kutumia ndugu yake anayewapata panya, kisha kukisia. Panya wakubwa hawaharishwi na kipindupindu kama sisi. Na panya wanaozaliwa na jeni ya APC iliyovunjika, jeni ileile inayoanzisha saratani nyingi za utumbo mpana kwa watu, huota uvimbe mwingi kwenye utumbo mwembamba, mahali ambapo kwa binadamu saratani ni nadra.

Caco-2 ni nini? Kila makala ninayosoma inazitaja.

Ni ukoo wa seli uliotokana na saratani ya utumbo mpana ya mwanamume wa miaka 72. Jorgen Fogh na wenzake wa taasisi ya Sloan-Kettering, New York, waliuanzisha mwaka 1977, na unaendelea kugawanyika hadi leo katika maabara za dunia nzima.

Kinachozifanya zipendwe ni tabia ambayo haikutarajiwa. Zikiachwa zijae hadi zibanane, huacha kukua ovyo na kuanza kufanana na seli za kufyonza za utumbo mwembamba, ingawa asili yao ni utumbo mpana. Huota brashi ya vinywele upande wa juu na kushonana kando kwa kando. Mwaka 1989 timu ya Marekani ilionyesha kwamba tabaka hili linafaa kupima jinsi dawa zinavyopenya, na viwanda vya dawa vikalichukua. Kama umewahi kumeza kidonge kilichobuniwa baada ya hapo, kuna uwezekano mkubwa kwamba dawa yake ilipitishwa kwanza juu ya seli za mzee yule.

Zinaoteshwaje?

Unazipanda juu ya kikombe kidogo chenye kitako cha kichujio, kilichoning'inizwa ndani ya kisima cha sahani. Juu ya seli kuna midia, yaani maji yenye virutubisho, na chini ya kichujio kuna midia. Juu ndiko tumboni, chini ndiko kwenye damu. Inkubeta, kabati la joto la kuoteshea seli, iko nyuzi 37, hewa ya kaboni dioksidi asilimia 5, na midia hubadilishwa kila baada ya siku mbili hivi kwa takriban siku 21.

Siku hizo 21 ndizo zinazowashinda wengi. Siku ya 5 hadubini inakuonyesha tabaka limejaa kabisa, nawe unatamani kuanza jaribio. Usianze. Seli zimejaa lakini hazijakomaa, mishono kati yao bado inavuja. Tunapima kwa vijiti viwili vya umeme, kimoja juu na kimoja chini: tabaka likiwa zima, umeme hupita kwa shida. Namba inapanda siku hadi siku, halafu inatulia. Ikitulia, umefika. Ukimtikisa mwenzako mkono wakati anaingiza kijiti, ncha ikagusa kichujio na kuchana tabaka, wiki tatu zimepotea hapohapo.

Seli hizihizi zikiwa kwenye chupa ya kawaida yenye kitako kisichopitisha maji, utaona vikuba, kama malengelenge madogo yaliyoinuka. Hizo ni seli zinazovuta chumvi na maji kutoka juu kwenda chini, na kwa kuwa chini hakuna pa kutokea, maji yanalimbikizana na kuliinua tabaka. Mara ya kwanza nilidhani nimeziua. Kumbe zilikuwa zinafyonza, kazi yao ya siku zote.

Upungufu wake?

Ni seli za saratani, na jeni zake zimevurugika. Hazina ute. Hazina seli za Paneth wala za homoni. Zimeshonana kwa kubana kuliko utumbo mwembamba wa kweli, kwa hiyo dawa zinazopita kwenye mianya kati ya seli huonekana hazipiti kabisa. Kimeng'enya muhimu cha kuvunja dawa, CYP3A4, ni kidogo sana ndani yake. Watu huchanganya Caco-2 na aina ya HT-29 inayotoa ute ili kuziba pengo moja, na wanaochunguza utoaji wa maji hupendelea T84, ambazo humwaga chumvi vizuri. Zote ni za saratani.

Oganoidi ni nini, na kwa nini kila mtu anazizungumzia?

Ni utumbo mdogo, mdogo kuliko punje ya chumvi, unaojijenga wenyewe kutokana na seli shina.

Mwaka 2007, Nick Barker na wenzake katika kundi la Hans Clevers, Taasisi ya Hubrecht mjini Utrecht, Uholanzi, walitambua alama ya seli shina za utumbo, protini iitwayo Lgr5. Mwaka 2009 Toshiro Sato, daktari wa Kijapani aliyekuwa katika kundi hilohilo, alichukua seli moja yenye alama hiyo kutoka kwa panya, akaiweka ndani ya jeli pamoja na protini tatu za kuikuza: EGF, Noggin na R-spondin. Seli moja ikajenga vishimo, ikajenga eneo linalofanana na vijidole, na aina za seli zote kuu zikatokea zenyewe, kila moja mahali pake. Kabla ya hapo wengi waliamini seli shina haiwezi kuishi bila majirani zake wa ukutani. Mwaka 2011 kundi hilo likafanikiwa na utumbo wa binadamu, ambao ulihitaji viungo zaidi, hasa protini iitwayo Wnt.

Mwaka huohuo wa 2011 timu ya James Wells, Cincinnati, ilipita njia nyingine: ilianza na seli zenye uwezo wa kuwa kiungo chochote, zikiwemo zilizotengenezwa kutokana na ngozi, ikazielekeza hatua kwa hatua hadi zikawa utumbo. Hizo hufanana na utumbo wa mtoto aliye bado tumboni mwa mama, na zinafaa zaidi kwa maswali ya jinsi kiungo kinavyoumbika.

Kazi yenyewe ikoje mezani?

Kinyama kinaoshwa mpaka maji yawe meupe, kisha kinalowekwa katika kemikali inayonyonya kalisi, kwa kuwa kalisi ndiyo inayozishikamanisha seli. Ukikitikisa, vishimo vinang'oka. Chini ya hadubini vinaonekana kama vidole vya glavu vilivyokatwa, vinaelea. Unavikusanya, unavichanganya na jeli, nyingi zikiwa Matrigel, na unadondosha tone moja katikati ya kila kisima.

Jeli hiyo ni maji kwenye barafu na huganda kwenye joto la mwili. Ndiyo maana ncha za pipeti hulazwa kwenye friza usiku kucha na sahani hupashwa moto mapema. Ukichelewa nusu dakika, inagandia ndani ya ncha pamoja na vishimo vya mgonjwa ambaye hutamwomba kinyama mara ya pili. Baada ya siku moja kila kishimo kimejifunga kuwa kijimpira. Za panya huanza kuchipua vitawi baada ya siku chache, wakati za binadamu hubaki mviringo kwa muda. Katikati panaanza kuwa peusi: ni seli zilizokufa, zimebanduka na kuangukia ndani, kama zinavyobanduka tumboni mwako. Baada ya wiki hivi unazivunja vipande na kuzipanda upya. Zinaweza kugandishwa kwenye naitrojeni ya kimiminika na kuamshwa miaka baadaye.

Kama "tumbo" liko ndani ya kijimpira, mdudu anaingizwaje?

Swali zuri, na limesumbua watu sana. Upande unaopaswa kugusana na chakula umefungiwa ndani. Wengine hudunga kila kijimpira kwa sindano nyembamba ya kioo. Wengine hukivunja na kuzitandaza seli zake juu ya kichujio kama Caco-2, na hii ndiyo njia ninayoitumia mara nyingi. Tangu mwaka 2019 kuna njia ya kukitoa kwenye jeli na kukigeuza, ndani kukawa nje, kama mtu anavyogeuza soksi.

Zimetufundisha nini kuhusu maradhi yetu?

Anza na kirusi cha noro, kinachoharisha na kutapisha watu duniani kote. Kilionekana kwa hadubini ya elektroni mwaka 1972, lakini kwa zaidi ya miaka 40 hakuna aliyeweza kukikuza katika seli za utumbo wa mtu. Caco-2 zilijaribiwa, zikashindwa. Mwaka 2016 kundi la Mary Estes, Houston, likakikuza katika oganoidi za binadamu zilizotandazwa. Aina nyingine za kirusi hicho zilikataa mpaka zilipoongezewa nyongo. Ukifikiri, ni jambo la wazi: huko tumboni nyongo ipo siku zote, ni sisi maabara tuliosahau kuitia. Tena oganoidi za watu wasio na jeni tendaji ya FUT2 hazikuambukizwa na aina kuu ya kirusi hicho, sawasawa na watu hao wanavyostahimili ugonjwa wenyewe.

Kisha kuna Cryptosporidium, kimelea cha utumbo. Utafiti mkubwa wa kuhara kwa watoto uliochapishwa mwaka 2013, ambao magharibi mwa Kenya palikuwa kituo kimojawapo, ulimweka mdudu huyu karibu na kirusi cha rota miongoni mwa visababishi vikuu vya kuhara kukali kwa watoto wadogo. Dawa ya uhakika kwa mtoto mwenye utapiamlo hatuna, na kikwazo kimoja kilikuwa kwamba mdudu huyu hakumaliza mzunguko wa maisha yake katika seli za kawaida za maabara. Mwaka 2018 aliumaliza ndani ya oganoidi za utumbo na za mapafu ya binadamu. Sasa angalau kuna mahali pa kumjaribia dawa.

Na kipindupindu?

Hapa napenda kukaa kidogo, maana ni mlango mmoja wenye hadithi mbili.

Sumu aliyoionyesha De huingia kwenye seli na kupandisha ujumbe wa ndani uitwao AMP mzunguko. Ujumbe huo hufungua mlango wa kloraidi kwenye uso wa seli, unaoitwa CFTR, na kuuacha wazi. Chumvi inamwagika, maji yanaifuata, na mtu mzima anaweza kupoteza lita kadhaa kwa siku. Lakini seli hazijafa. Mlango mwingine jirani, unaoingiza sukari na sodiamu kwa pamoja, bado unafanya kazi. Robert Crane alieleza ushirika huo wa sukari na sodiamu mjini Prague mwaka 1960, na mwaka 1968 huko Dhaka ikathibitika kwa wagonjwa wa kipindupindu kwamba maji ya chumvi na sukari yanayonyweka hurudisha maji mwilini. Hiyo ndiyo ORS. Sukari ile haiwekwi kwa ajili ya ladha wala nguvu: bila sukari, mlango haufunguki. Ndiyo sababu pakiti ya ORS ichanganywe na kiasi kamili cha maji safi kilichoandikwa kwenye pakiti. Ukiongeza sukari kwa kudhani unamsaidia mtoto, unavuta maji kurudi utumboni.

Hadithi ya pili ni ya watoto wanaozaliwa na mlango huohuo ukiwa mbovu, ugonjwa unaoitwa sistiki faibrosisi. Kwao CFTR haifunguki, ute unakuwa mzito, mapafu yanaziba. Utrecht, mwaka 2013, waliotesha oganoidi kutokana na kinyama cha puru, wakazitia kemikali inayopandisha AMP mzunguko. Oganoidi za watu wenye afya zilivimba kwa maji mbele ya kamera. Za wagonjwa zilibaki vilevile, na zilipopewa dawa inayofaa kwa kasoro ya mtu husika, nazo zikaanza kuvimba. Uholanzi wametumia kipimo hicho kuamua dawa kwa wagonjwa wenye kasoro adimu ambazo hazijawahi kufanyiwa majaribio makubwa. Kuvimba kwa kipande cha sungura wa De na kuvimba kwa kijimpira cha Utrecht ni mlango uleule ukifunguka.

Saratani ya utumbo mpana inachunguzwaje?

Kwa kuivunja jeni moja moja. Mwaka 2015 makundi ya Uholanzi na Japani yalichukua oganoidi za afya za binadamu, yakakata jeni za APC, P53 na SMAD4 na kuigeuza KRAS, hadi seli zikakua bila kuhitaji virutubisho ambavyo zamani zisingeishi bila navyo. Na mwaka 2020 oganoidi zilizodungwa kwa miezi mitano aina ya bakteria E. coli inayotengeneza sumu ya kolibaktini zilipata makovu maalumu ya DNA, na makovu hayohayo yakakutwa katika sehemu ya saratani za wagonjwa halisi.

Mtoto anakula na harefuki. Kuna modeli ya hilo?

Hakuna iliyo nzuri, na hili linaniuma kuliko mengine yote.

Watoto wengi wanaokulia penye maji machafu huwa na utumbo uliochakaa bila hata kuharisha: vijidole vimefupika, mishono inavuja, kinga imewaka muda wote. Chakula kinaingia na faida yake haionekani. Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, Manyara, ilikuwa kituo kimoja kati ya vinane vya utafiti wa MAL-ED uliowafuatilia watoto tangu kuzaliwa ili kuelewa uhusiano wa maambukizi ya utumbo, lishe na ukuaji. Kenya na Bangladesh zilijaribu kuboresha maji, vyoo na unawaji mikono, na matokeo yaliyotoka mwaka 2018 yakaonyesha kwamba hatua hizo peke yake hazikuongeza urefu wa watoto. Huenda ndiyo sababu pia chanjo za matone, kama ya rota, hulinda watoto wa Ulaya kuliko wa kwetu.

Ugonjwa huu una mambo mengi kwa wakati mmoja: bakteria wengi, lishe haba, kinga, na miezi mingi. Oganoidi haina seli za kinga, haina damu, na inaishi ndani ya midia yenye kila kirutubisho kwa wingi, kinyume kabisa na tumbo la mtoto huyo. Tunaweza kuipunguzia virutubisho, kuiongezea seli za kinga, kuipa bakteria kutoka kwa watoto husika. Kazi hiyo inahitaji vinyama vya watu wa huku, vilivyooteshwa huku. Benki nyingi za oganoidi zilizopo ni za watu wa Ulaya, Marekani na Asia ya Mashariki.

Utumbo kwenye chipu ni kitu gani?

Ni kipande cha silikoni laini chenye mifereji miwili iliyotenganishwa na utando. Seli ziko juu ya utando, midia inatiririka, na pampu ya hewa inauvuta na kuuachia utando kama utumbo unavyosukuma chakula. Kundi la Donald Ingber, Harvard, lilionyesha hivyo mwaka 2012 kwa Caco-2, ambazo chini ya mtiririko na mvuto zilijikunja na kuchomoza vijidole zenyewe, na zikaishi na bakteria kwa zaidi ya wiki bila kufunikwa nao. Ni kifaa kizuri, ila ni ghali na kinahitaji uangalizi wa karibu.

Oganoidi huhisi maumivu?

Hapana. Oganoidi ya utumbo haina neva wala ubongo.

Maabara yetu ni ndogo. Tuanze na ipi?

Anzeni na Caco-2. Jifunzeni usafi, kuhesabu seli, kupima ukinzani wa tabaka kwa umeme, na kuandika namba ya kizazi kila mnapozihamisha. Mkiweza kurudia matokeo yaleyale mara tatu, nendeni kwenye oganoidi. Protini za kukuzia ndizo zinazokula bajeti, lakini kuna seli za panya ziitwazo L-WRN zinazotengeneza Wnt, R-spondin na Noggin zenyewe. Mnaziotesha, mnakusanya maji yake, mnayachuja, na gharama inashuka sana.

Nunueni seli kwenye benki inayotambulika, msikubali chupa ya rafiki. Nilipokuwa najifunza, kwenye maabara ambayo sitaitaja, tulifanya kazi miezi minne na seli zilizokuwa na mikoplasma. Mdudu huyu haonekani kwa hadubini ya kawaida, wala midia haigeuki kuwa ya mawingu kama kwa bakteria wengine. Seli zilikua, ila polepole kidogo, na ukinzani ulipanda na kushuka bila sababu. Tulilaumu midia, tukalaumu inkubeta, mimi nikajilaumu mwenyewe. Kipimo cha PCR kilitupa jibu mchana mmoja, na daftari zima likawa halina maana. Sasa napima kila mwezi.

Na umeme. Inkubeta na friza viwe na jenereta au betri inayojiwasha, na akiba ya seli ikae kwenye naitrojeni mahali pawili tofauti.

Seli hizo ni mali ya nani? Mgonjwa huulizwa?

Lazima aulizwe, kwa lugha anayoielewa, na kamati ya maadili iwe imepitisha mradi kabla kamera haijaingia. Dunia ilijifunza vibaya kwa Henrietta Lacks, mama Mmarekani Mweusi ambaye seli za saratani yake zilichukuliwa Baltimore mwaka 1951 bila ridhaa yake, zikasambaa dunia nzima, na familia yake ikaja kujua miongo miwili baadaye. Oganoidi ina DNA yote ya mtoaji na inaweza kudumu kuliko yeye. Mimi humweleza mtoaji mambo matatu: kwamba kipande chake kitaendelea kukua, kwamba kinaweza kusafirishwa nje ya nchi, na kwamba anaweza kujitoa. Hilo la kusafirishwa ndilo linaloleta maswali mengi, na ni haki yake kuuliza.

Nimeona tangazo la tiba ya "seli shina" za tumbo. Ni kweli?

Usilipe. Mwaka 2022 madaktari wa Tokyo walipandikiza oganoidi za mgonjwa wa vidonda vya utumbo mpana ndani ya utumbo wake mwenyewe, mara ya kwanza kufanyika kwa binadamu, kama jaribio linalosimamiwa. Hapo ndipo tulipofika. Dawa ya kunywa, ya sindano au ya unga inayouzwa mtandaoni kwa jina la seli shina haina uhusiano wowote na kazi hiyo. Kama tumbo linakusumbua kwa wiki kadhaa, unapungua uzito au unaona damu kwenye choo, nenda hospitali ukaangaliwe kwa kamera. Na wakikuomba kinyama cha ziada kwa ajili ya utafiti, uliza kitakwenda wapi kabla hujatia saini.